Fundi wa Rangi na Ukuta wa Mjane

Mwenye nyumba atakapo kupaka rangi, jambo la kwanza analolifikiria ni rangi yenyewe: iwe nyeupe, iwe ya maziwa, au iwe ya samawati. Fundi humfikiria mwisho, na aghalabu humpata kwa bahati tu, kwa kuwa amemwona akipita njiani na ngazi begani. Ndivyo ilivyomfika mjane mmoja wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili katika mji wa Bujumbura, aliyekuwa akingojea wageni wa posa ya binti yake.

Nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe ni ya matofali ya udongo yasiyochomwa, iliyopigwa lipu ya saruji. Fedha za rangi alizipata kwa kuuza vitumbua asubuhi, faranga juu ya faranga, kwa muda wa miaka miwili. Fundi yule alisimama kizingitini, akatupa jicho ndani, akataja bei papo hapo. Akaomba apewe fedha zote ili akanunue rangi mwenyewe, kwani, alisema, wenye maduka wanamjua. Ilikuwa mwezi wa Aprili na mvua ilikuwa inanyesha. Kwa siku mbili kazi ikawa imekwisha, na nyumba iling'aa. Mjane akamwongezea chakula cha mchana.

Wageni walipokuja, mjomba wa bwana harusi, mzee wa heshima aliyevaa koti jeusi, aliegemea ukuta wakati wa mazungumzo. Alipoinuka kuomba dua, mgongo wake ulikuwa mweupe kama wa mtu aliyebeba gunia la unga. Hakuna aliyecheka, na labda ingekuwa afadhali wangecheka. Mwezi wa Juni rangi ya sehemu ya chini ilianza kubanduka vipande vipande, mithili ya magamba ya samaki.

Makosa yalikuwa mawili, na yote mawili ni ya kawaida mno. La kwanza ni maji. Rangi ya maji ina gundi ndani yake, na gundi hiyo ndiyo inayoshika unga wa rangi ukutani; ikizimuliwa kupita kiasi, unga hubaki bila wa kuushika na hutoka kwa kuguswa tu. La pili ni unyevu. Ukuta wa udongo hunyonya maji kutoka chini, na maji hayo yatafutapo njia ya kutoka huisukuma rangi mbele yake, yakaacha na chumvi nyeupe juu ya lipu. Hata lipu mpya, iliyopigwa vizuri, yapasa kuachwa ikauke kwa muda wa majuma manne hivi kabla ya kupakwa.

Fundi wa pili hakuokotwa njiani. Mjane alikwenda kwa jirani ambaye nyumba yake ilipakwa miaka mitatu nyuma, akaupitisha mkono wake ukutani, mkono ukarudi safi. Hapo ndipo alipouliza jina la fundi. Nyumba iliyomalizika jana haimshuhudii fundi yeyote, kwani kila rangi mbichi hupendeza. Ya kutazamwa ni ile iliyokwisha kupigwa na masika kadhaa.

Mzee huyo alipofika hakutaja bei. Aliuweka ukuta kiganja, akaugonga kwa kifundo cha kidole akisikiliza mahali palipolia utupu, kisha akatoka nje na kuuliza, "Mama, maji ya paa huangukia wapi?" Yalikuwa yakiangukia chini ya ukuta ule ule uliobanduka. Akasema uchimbwe kwanza mfereji wa kuyapeleka mbali, na rangi ingoje kiangazi kikolee. Fundi anayeikataa kazi ya leo kwa sababu ukuta hauko tayari ni nadra kuliko fundi mwenye ngazi ndefu.

Hesabu aliifanya mbele ya mwenye nyumba. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kuta za kimo cha mita 2.5, kina mita za mraba 35. Ukitoa mlango na dirisha zabaki 32 hivi. Mipako miwili ni 64. Lita moja ya rangi ya maji, penye ukuta laini, hufunika kama mita 10 za mraba; basi chumba chataka lita 6 na nusu. Anayesema lita 3 zatosha atamalizia kwa bomba la maji. Mjane alinunua makopo mwenyewe, yakafunguliwa mbele yake, na ujira ukagawanywa mafungu matatu, la mwisho likibaki mkononi mwake hadi kazi ikaguliwe mchana kweupe.

Mlango wa mbele ulikuwa na rangi kuukuu ya mafuta. Hapo mzee aliagiza mjukuu anayetambaa apelekwe kwa jirani, akaulowesha mlango kabla ya kuupiga msasa, akazoa mabaki yote kwa kitambaa kibichi. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Hatari hiyo si habari mpya: mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1921 ulikwisha kuzuia risasi nyeupe katika upakaji wa ndani ya majengo, isipokuwa mahali pachache.

Siku ya mwisho alifika chumba cha kulala. Nyuma ya mlango palikuwa na safu za vijiti vilivyoandikwa kwa penseli nene ya seremala: hesabu ya vikapu vya ndagala, ya miaka ambayo marehemu alikuwa akinunua samaki ziwani alfajiri. Fundi wa kwanza hakukifikia chumba hicho. Mzee aliiweka brashi chini, akamwita mwenye nyumba.

"Mama, hizi nazo zipakwe?"

Mjane alizitazama kwa muda, akasema ziachwe. Fundi akachukua ubao ulionyoka, akazichorea mpaka pande zote nne, akaendelea na ukuta uliobaki.