Nani Amevunja Bomba?

Leo tunaandika juu ya choo. Msicheke.

Mkimbizi wa West Nile akitajwa, watu wanawaza Rhino Camp, Imvepi, au Lobule kule Koboko. Kambini choo ni shimo, na kuna mtu wa kuja kukihesabu. Lakini sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kutembea, na wengi wetu tumekuja mjini kutafuta shule na kazi. Mjini msaada kwa kawaida haukufuati. Mnapanga familia nne ua mmoja, choo cha kumwaga maji kimoja, bomba limezikwa chini na hakuna anayejua limepita wapi. Siku likivunjika, ni lenu.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye ua mmoja hapa Arua, upande wa Oli, wanakopanga baadhi yetu. Mtu aliletwa kujenga uzio, akachimba mashimo ya nguzo, akalipwa, akaenda zake. Baada ya wiki mbili hivi, udongo karibu na nguzo moja ukawa umelowa na mvua haijanyesha. Majani pale yakawa ya kijani kuliko kwingine. Halafu ikaja harufu.

Mwenye nyumba alikuja na jibu lake tayari: watoto wa mama mmoja kutoka Ituri wametupa matambara chooni, choo kimeziba. Eti mama ahame mwisho wa mwezi. Ana watoto watano. Na hatua chache tu chini ya mteremko kuna kisima cha mzee jirani, Mlugbara, ambako ua wote tunachota. Ninyi wa mashirika mnaijua kanuni ya Sphere: shimo la choo likae mita 30 au zaidi kutoka kwenye maji ya kunywa. Bomba linalovuja halijasoma kanuni hiyo. Siku ile ile tuliacha kunywa maji ya kisima, tukachota mbali.

Tulimwomba mwenye nyumba siku mbili na ruhusa ya kuchimba. Akasema haya, chimbeni.

Kwanza choo kilifungwa kabisa. Jirani yule yule wa kisima akatufungulia cha kwake. Tulivaa gambuti na glavu, tukachimba kwa jembe polepole, sehemu ya mwisho kwa mikono, maana sululu ndiyo inayovunja. Bomba lilikuwa la plastiki, inchi 4, linalotoka nyumbani kwenda kwenye tangi la maji taka. Tundu lilikuwa pale pale chini ya nguzo, pana kama ngumi, na juu yake jiwe bapa limewekwa vizuri kabisa. Jiwe halijiweki lenyewe. Tulimwita mwenye nyumba aangalie kabla hatujagusa kitu. Alisimama muda mrefu, hakusema neno.

Kuna waliotaka tufunge kwa nailoni na mpira wa baiskeli. Jamani, hiyo inashika siku chache tu, kisha karatasi zinakwama kwenye ule mpasuko na mnarudi kuchimba. Fundi mmoja, kijana wa Sudan Kusini, alituonyesha njia. Unakata kipande kibovu chote kwa msumeno wa chuma, mkato ulionyooka. Unasafisha ncha, unakausha, unapitisha msasa. Unakata kipande kipya cha urefu ule ule, na soketi mbili. Shida ni kwamba ndani ya soketi kuna ukingo katikati, na bomba lililozikwa halisogei. Kwa hiyo anaukwangua ukingo ule kwa tupa, soketi iteleze yote juu ya bomba, kipande kikae, kisha anairudisha kwenye maungio. Gundi inakamata haraka, hivyo hapo hakuna kupiga stori.

Mteremko tuliupima kwa mpira mwembamba wa maji, kama wajenzi: kila mita moja ishuke kama sentimita mbili na nusu. Tulimwaga ndoo kadhaa kabla ya kufukia, tukaona maungio makavu, ndipo tukaweka mchanga laini chini na juu ya bomba, bila mawe. Udongo mchafu tuliumwagia chokaa. Mfuniko wa tangi hatukuugusa. Hewa ya mle ndani inaua mtu kimya kimya, usiingie hata kama umeangusha simu.

Wenzetu wa Koboko waliposikia, walisema kwao lilivunjwa na lori la matofali lililopita juu ya bomba lililozikwa kina kifupi. Pale mpangaji na mwenye nyumba wote ni Wakakwa, mmoja wa upande wa Sudan Kusini, mwingine wa Uganda, lugha moja, na bado walilaumiana wiki nzima. Sasa wamechora njia ya bomba kwa rangi ukutani, na dereva yeyote anaonyeshwa kwanza. Sisi tumeiga: tumepanga mawe meupe kutoka chooni mpaka kwenye tangi.

Mama wa Ituri bado yupo. Mwenye nyumba hajamwomba msamaha, ila amesogeza nguzo. Kisima bado tunakiacha. Mzee anataka kitolewe maji yote na kutiwa klorini kwanza, na tumekubaliana Jumamosi. Pesa ya bomba na soketi tulichanga wenyewe. Mwenye nyumba amesema ataikata kwenye kodi ya mwezi ujao, mbele ya mashahidi wanne.