Maisha Yangu Kwenye Mabango ya Taa

Kazi hii niliianza mwaka 1994 kwa brashi na kopo la rangi, nikijifunza kwa fundi mmoja Kariakoo. Majina ya maduka tuliyaandika ukutani, na giza likiingia hakuna aliyeyasoma. Wenye uwezo walitundika boksi la bati lenye plastiki nyeupe mbele na taa za tyubu ndani. Tyubu ya futi nne ilikula wati 36 au 40, na boksi moja lilibeba kadhaa. Kazi yangu ya jioni ikawa kupanda ngazi kubadilisha stata na choki.

Mgao wa umeme wa mwaka 2006, bwawa la Mtera lilipopungua maji kwa ukame, ulibadilisha hesabu za kila mwenye duka. Jenereta ilipowashwa, bango lilikuwa la kwanza kuzimwa ili kuokoa mafuta. Ndiyo maana vipande vya LED vya volti 12 vilipofika madukani nilivipokea kwa mikono miwili: kipande kimoja hula takriban wati moja, na bango zima huweza kuwaka kwa betri. Mwaka 2014 Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipopewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa LED ya bluu, ambayo ndiyo iliyowezesha mwanga mweupe wa LED, nilifurahi kwa dhati. Mkate wangu umetoka kwenye kazi yao.

Wateja wengi hufika na ombi moja: "Fundi, nataka ing'ae kuliko ya jirani." Jibu langu ni kuwaomba tuvuke barabara. Nakumbuka dada aliyekuwa anafungua duka la dawa. Alitaka jina, orodha ya huduma na namba za simu, vyote viwake. Tulisimama kituo cha daladala ng'ambo, walipo wateja wake, nikampa kanuni ya mafundi: kwa kila mita tatu za umbali, herufi iwe na kimo cha sentimita mbili na nusu hivi. Kutoka pale hadi kwenye fremu yake palikuwa kama mita 24, kwa hiyo herufi zisingepungua sentimita 20. Orodha ile isingeenea. "Basi fundi, tubaki na jina na msalaba wa kijani," akasema. Mgonjwa anayetafuta dawa usiku hahitaji zaidi ya hapo.

Kuhusu mng'ao, msimamo wangu haujabadilika. Mwanga ukizidi, hufurika nje ya herufi na kuziba nafasi kati yake, na jina hugeuka kuwa doa jeupe. Herufi za kuwaka zinahitaji kuachana zaidi kuliko zile za rangi.

Halafu kuna yale asiyoyaona mteja. Upepo wa bahari ya Dar es Salaam hula skrubu za chuma, kwa hiyo natumia fremu ya alumini na skrubu za chuma kisichoshika kutu. Chini ya boksi natoboa matundu ili maji ya masika yasituame. Transfoma naiweka ndani ya duka, mahali mkono unapofika. Mnyororo wa LED ukiwa mrefu, volti hushuka njiani na herufi za mwisho hufifia. Naupelekea umeme kutoka pande zote mbili.

Wewe unayetafuta bango, usichague kwa picha ya kwenye simu. Simama anaposimama mteja wako, mchana na usiku. Muulize fundi transfoma itakaa wapi na nani ataitengeneza ikifa. Uliza kibali cha halmashauri na mipaka ya hifadhi ya barabara kabla hujatoa malipo ya awali. Fedha ya mwisho ilipe giza likiwa limeingia, bango linawaka, nawe unalisoma ukiwa ng'ambo ya barabara.