Kitasa Kibovu Hakifungwi kwa Kamba

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza kwamba usipotengeneza kitasa cha mlango wa gari, huenda ukachimba kaburi. Si mzaha, wasomaji wapenzi. Hebu nitegeeni sikio.

Kwetu ni Kinangop, nchi ya baridi kali, kabeji na viazi. Mama ana pikapu kuukuu ambayo ndiyo karo yangu na ndiyo unga wetu. Mara mbili kwa wiki huipakia kabeji alfajiri na mapema, akateremka nazo hadi Marikiti, Nairobi. Mlango wa abiria ulikuwa umeanza uhuni: ukiubamiza unafungika, ukifika kwenye mashimo unafunguka wenyewe. Tukawa tunaufunga kwa mpira wa baiskeli. Siku moja, Agosti 2024, mpira ulikatika kwenye kona na mlango ukaachama. Kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa ameuegemea. Mama alimnyaka sweta kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa kwenye usukani. Sweta ilipasuka kwapani, mtoto akaponea chupuchupu.

"Gari hili haliondoki hapa mpaka mlango ufungike sawasawa," Mama alisema jioni hiyo. Fundi wa gereji alitaka shilingi 6,000, tena tungoje wiki nzima. Kabeji nazo zilikuwa zimekomaa, zinapasuka shambani.

"Mama, wacha nijaribu," nikasema. "Hiyo ni nyenzo tu, tumeisoma kwenye Fizikia."

Akanitazama, akacheka kidogo. "Haya baba. Lakini ukivunja kioo, ni wewe utanunua."

Kwanza nilipandisha kioo hadi juu ili kisinizuie. Nikafungua skrubu za kishikio cha ndani. Mkono wa kuzungushia kioo hauna skrubu. Umeshikwa na kibanio cha waya kilichojificha nyuma yake. Nilipitisha kitambaa hapo, nikakivutavuta huku na huku mpaka kibanio kikaruka. Ubao wa mlango nao umeshikwa na vifungo vya plastiki, nao hung'olewa kimoja kimoja, polepole. Nyuma yake kuna nailoni ya kuzuia maji ya mvua. Niliibandua bila kuichana.

Ndani niliona vyuma vyembamba vitatu vikielekea kwenye kitasa: kimoja kutoka kishikio cha nje, cha pili kutoka cha ndani, cha tatu kutoka kidude cha kufungia. Kabla ya kugusa chochote, nilivichora daftarini. Kisha nikakabiliana na skrubu tatu za ukingoni mwa mlango. Lo! Kutu ilikuwa imezigandisha. Nilizimiminia mafuta, nikalala. Asubuhi nilisimamisha bisibisi juu ya kila moja, nikaigonga kwa nyundo, ndipo zikazunguka.

Ugonjwa ulionekana mara moja. Ulimi wa kitasa hukumbatia chuma kilichoko kwenye mwimo wa mlango, na jino dogo huuzuia ulimi usirudi nyuma. Jino hilo husukumwa na springi. Yetu ilikuwa imekatika vipande viwili.

Mama alikifunga kitasa kile ndani ya gazeti, akapanda matatu hadi Grogan, kule Kirinyaga Road. Alifanya vyema kukibeba, maana cha kushoto na cha kulia havifanani. Alirudi na kingine cha mitumba, shilingi 1,500.

Nilikipaka grisi, nikaunganisha vyuma vyote vitatu nikifuata mchoro wangu, kisha nikakaza skrubu. Sasa sikilizeni jambo lililo muhimu zaidi: usiufunge mlango kabla ya kujaribu! Ukisahau chuma kimoja, huenda ukajifungia mlango usiofunguka. Niliuacha wazi, nikausukuma ulimi kwa bisibisi. Ta! Hatua ya kwanza. Ta! Hatua ya pili, ndiyo kufungika kamili. Mlango ukikomea hatua ya kwanza, huwa bado una mwanya, haujafungika vizuri. Nikavuta kishikio cha nje, ulimi ukaachia. Cha ndani, vivyo hivyo.

Mama naye hakutaka hadithi. Aliufunga mlango, akaushika kwa mikono miwili, akauvuta kwa uzito wake wote huku akiutikisa. Haukusogea. Hakusema neno. Aliingia ndani, akatoka na sindano na uzi, akaanza kuishona ile sweta.

Wenzangu, wengi wetu husafiri kwa magari yaliyozeeka. Ukiona mlango umefungwa kwa kamba au waya, usiuegemee, na umwambie mwenye gari bila haya. Mkanda nao ufungeni, hata safari iwe fupi. Kitasa hununuliwa, uhai hauna duka.