Viatu Vilivyobana

Mtaa tunaokaa hapa Juba huitwa Hai Amarat. Kwa Kiarabu neno la kwanza maana yake ni mtaa, na la pili ni majengo. Sikio la Mswahili, walakini, husikia jambo jingine kabisa, yaani "hai" na "imara", na kila tunapomtajia mwendesha bodaboda jina hilo hujiona kama tunaomba dua. Wala sikio halikukosea sana, kwani "imara" yetu na hata "umri" wetu vyatoka katika shina lilo hilo la Kiarabu. Tumewaambia wanafunzi wetu jambo hili mara nyingi kupita kiasi, nao wameanza kulimaliza kabla hatujafika mwisho.

Darasa lenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Huanza saa kumi na mbili jioni, jua linapotua, na humalizika jenereta ya mwenye duka inapozimwa. Tangu Sudani Kusini ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, watu wazima wengi wamekitaka Kiswahili kwa ajili ya kazi na biashara. Nusu yao hawana neno ila Kiarabu cha Juba na lugha za kwao. Nusu ya pili walilelewa ukimbizini, kambini Kakuma au pembezoni mwa Kampala, nao wanasema Kiswahili chepesi cha mitaani ambacho hakijapata kuandikwa popote. Hawa wa pili ndio wagumu kufundisha. Hudhani wamekwisha fika.

Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mwosha magari mchana na mpiga ngumi jioni. Siku zisizo za darasa alifanya mazoezi katika uga wa jirani, kwenye gunia lililojazwa mchanga na matambara, chini ya mwarobaini. Tulipata kwenda kumtazama. Sisi si wajuzi wa mchezo huo, lakini ualimu humfunza mtu kutambua kipaji hata pale asipokijua chombo kinachokibeba. Wenzake walikuwa wakipiga kwa nguvu. Yeye alikuwa akipiga kwa wakati. Mkufunzi wake, mzee aliyewahi kuwa askari, alituambia kwa sauti ya chini, kana kwamba aliona haya, kwamba hajapata kijana kama yule.

Mwezi wa pili mwaka huu mkufunzi alifanikiwa kumtafutia nafasi ya kujaribiwa katika klabu moja mjini Kampala. Nauli ilichangwa. Basi la kwenda Nimule na kuvuka mpaka lilikuwa liondoke alfajiri ya Jumatatu. Jumatatu hiyo hiyo jioni, saa kumi na mbili kasorobo, kijana aliingia darasani, akaketi mahali pake, akafungua daftari. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba. Usiku wa kuamkia safari alikuwa amegombana na watu penye vibanda vya chai, ugomvi wa neno moja tu, na basi likaondoka bila yeye.

Hatukumwuliza kitu siku ile. Badala yake tulifanya kama walimu tufanyavyo tunapokosa ujasiri: tuliandika mada ya insha ubaoni. "Eleza habari za bondia mwenye kipaji aliyeiharibu kazi yake kwa mikono yake mwenyewe." Darasa zima lilijua insha hiyo imekusudiwa nani. Naye alijua.

Insha zilipokuja wiki ya pili, kumi na tatu kati ya kumi na saba zilimalizika kwa "asiyesikia la mkuu huvunjika guu". Walimu wenzetu watatuelewa. Methali hiyo imetumika hata imekuwa kama nukta tu ya kufungia ukurasa. Karibu nusu ya darasa walimwandika Mike Tyson, jinsi alivyoangushwa na Buster Douglas mjini Tokyo tarehe 11 Februari 1990, na hapo pana mengi ya kweli, ila hatuna haja ya kuyarudia. Yamesemwa na dunia nzima.

Mmoja alimwandika John Mugabi wa Uganda, aliyepata medali ya fedha Moscow mwaka 1980, akaingia ngumi za kulipwa na kuwaangusha wapinzani wake wote mpaka alipokutana na Marvin Hagler mjini Las Vegas, Machi 1986, akaangushwa mwenyewe raundi ya 11. Insha hiyo tuliirudisha kwa wino mwekundu. Kushindwa na aliye bora kuliko wewe si kujiharibu. Kama ni hivyo, Ayub Kalule naye, Mganda wa kwanza kuwa bingwa wa dunia, aliyeutwaa mkanda wake Japani mwaka 1979 na kuupoteza kwa Sugar Ray Leonard mwaka 1981, angehesabiwa miongoni mwa waliojiharibu, na huo ungekuwa uzushi. Lugha yetu inatofautisha vizuri sana kati ya kuharibikiwa na kujiharibu. Herufi chache tu zatenga msiba na kosa, na mwalimu asiyewaonyesha wanafunzi tofauti hiyo amewanyima kitu kikubwa kuliko sarufi.

Mama mmoja muuza nguo, ambaye kijana wake wa kwanza anasoma Morogoro, alimwandika Francis Cheka wa mji huo huo. Mwezi wa Agosti 2013, jijini Dar es Salaam, Cheka alimshinda Mmarekani Phil Williams na kutwaa mkanda wa WBF. Watu waliimba barabarani. Februari 2015 mahakama ya Morogoro ikamhukumu kifungo cha miaka mitatu kwa kosa la kumpiga meneja wa baa yake mwenyewe. Hakukaa gerezani muda huo wote, na baadaye alirudi ulingoni, akashinda tena. Lakini mama yule aliandika sentensi ambayo hatukuisahihisha ingawa ilikuwa na kasoro mbili za upatanisho: kwamba mkono wa mpiga ngumi ni kama kisu cha jikoni, nyumba nzima yaishi nacho, na ni juu ya mwenyewe kukumbuka kila saa kimewekwa wapi.

Mabishano makubwa yalizuka juu ya Hassan Mwakinyo wa Tanga. Tarehe 8 Septemba 2018, akiwa ameitwa siku chache tu kabla ya pambano, alikwenda Birmingham na kumsimamisha Mwingereza Sam Eggington katika raundi ya 2. Ghafla jina lake likajulikana. Miaka minne baadaye, Septemba 2022, akasimama Liverpool mbele ya Liam Smith, na pambano likakatishwa raundi ya 4 yeye akiwa hawezi kuendelea. Alieleza kwamba mizigo yake ilikuwa imepotea njiani na kwamba viatu alivyovaa vilimbana. Mwaka uliofuata alijitoa katika pambano lililokwisha tangazwa, akidai waandaaji hawakutimiza makubaliano, na Kamisheni inayosimamia ngumi za kulipwa nchini Tanzania ikamfungia mwaka mmoja.

Nusu ya darasa walisema viatu vilikuwa kisingizio. Nusu ya pili wakasema mtu haazimi kidole cha mguu. Sisi, tulipoombwa kuamua, tulisema kwamba hatukuwamo ndani ya viatu vile, na kwa hiyo hatuwezi kutoa hukumu. Lilionekana jibu la hekima. Kwa kweli lilikuwa jibu la mtu aliyeguswa mahali penye kidonda, kama itakavyoonekana.

Kijana wetu alikuwa ameandika kurasa nne. Alimchagua mtu ambaye hatukumtarajia, Battling Siki, mzaliwa wa Saint-Louis nchini Senegali. Alikuwa amesoma habari zake kwenye simu usiku, mkono ukiwa katika maji ya chumvi. Siki alipigana katika jeshi la Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya kwanza, akapewa nishani. Tarehe 24 Septemba 1922, mjini Paris, alimwangusha Georges Carpentier, kipenzi cha Wafaransa, katika raundi ya 6. Mwamuzi alitaka kumnyima ushindi kwa madai kwamba amemkwatua mwenzake. Watazamaji wakapiga kelele, na majaji wakaubatilisha uamuzi huo. Mwafrika akawa bingwa wa dunia. Baadaye Siki akasema kwamba mapatano yalikuwa yeye ashindwe, na kwamba alighairi mle mle ulingoni.

Yaliyofuata ni ya kusikitisha na kuchekesha kwa pamoja. Alitembea Paris na mwanasimba akiwa amemfunga kamba. Alikunywa. Akakubali kuutetea ubingwa wake dhidi ya Mwairishi, Mike McTigue, mjini Dublin, tarehe 17 Machi 1923, ambayo ni sikukuu ya Mtakatifu Patrick, mlinzi wa Ireland, nchi yenyewe ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Raundi 20, akashindwa kwa pointi. Alihamia Marekani, akazidi kunywa na kupigana mitaani, na usiku mmoja wa Desemba 1925 akakutwa New York barabarani, amepigwa risasi mgongoni. Alikuwa na miaka 28.

Magazeti ya siku zile yalimwita nusu mnyama, na yalifurahi kila alipoanguka. Kijana hakuliacha jambo hilo, lakini pia hakulitumia kama kifuniko. Kisha akaandika kwa Kiswahili chake cha Kakuma, ambacho hapa tunakinyoosha kidogo tu: "Watu husema Siki hakujua thamani ya alichokuwa nacho. Mimi nafikiri alijua. Ukiwa juu, kila asubuhi unaamka ukiwa na kitu cha kupoteza. Ukikitupa mwenyewe, angalau umechagua siku." Insha iliishia hapo, bila methali.

Tulimbakiza baada ya darasa. Jenereta ilikwisha zimwa, tukakaa gizani. Ndipo tulipomwuliza habari za basi.

"Mwalimu," akasema, "hapa Juba mimi ndiye bora. Mzee amesema, wewe umesema. Nikienda Kampala nikapigwa raundi ya kwanza, nitakuwa nani? Mtu ambaye hakwenda, hakushindwa."

"Na ugomvi ule?"

"Niliutafuta."

Neno "ulingo", wenzetu mnajua, kabla ya kuwa uwanja wa ngumi lilikuwa jina la kichanja kinachojengwa shambani, mtoto akawekwa juu yake kuamia ndege. Anayeketi pale huonekana na shamba zima, na ndege wakila mpunga hana wa kumsingizia. Tulikusudia kumwambia hayo. Tulikuwa tumekwisha fungua kinywa. Tukaona aibu.

Sababu ya aibu ni hii. Mwaka 2009, tukiwa na stashahada yetu ya ualimu na sifa ya kuwa wa kwanza katika chuo tulichosoma, tulipata barua ya kukubaliwa kusoma shahada katika chuo kikuu kimoja nchini kwetu, Tanzania. Hatukwenda. Wazazi, wenzetu na mchumba tuliwaeleza kwamba ada ilikosekana, na wote wakatuhurumia. Ada haikukosekana. Kaka yetu alikuwa ameuza ng'ombe wawili, na fedha zile tulizirudisha kwake tukisema nafasi imefutwa. Ukweli ni kwamba rafiki aliyetutangulia alitusimulia jinsi waliokuwa wa kwanza katika vyuo vyote vya nchi wanavyokutana kule katika ukumbi mmoja, na jinsi wengi wao wanavyogundua kuwa si wa kwanza tena. Tulilala na habari hiyo siku kumi. Siku ya kuripoti tulikwenda kuvua samaki. Miaka mingi tumesema "viatu vilibana", na viatu vilikuwa saizi yetu barabara.

Hayo yote tulimwambia yule kijana gizani. Hatukuwa tumemwambia mtu yeyote, hata mke wetu. Hakucheka wala hakutusikitikia. Aliuliza swali moja tu, kama mwanafunzi anavyouliza maana ya neno.

"Hiyo barua bado unayo?"

Tunayo. Imezunguka nasi kutoka nyumba hadi nyumba, na hatimaye imefika Juba ndani ya jalada la vyeti. Darasa lililofuata kijana aliikumbusha, nasi tukaileta, imekunjika na imekuwa ya manjano. Kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza, tukaifanya kuwa zoezi la tafsiri, yeye afasiri mbele ya wenzake, sisi tusahihishe. Mkufunzi wake alikuwa amepata habari kwamba ile klabu ya Kampala ingewajaribu vijana wengine mwezi wa Juni, na nauli ya kwanza ilikuwa haijarudishwa kwa waliochanga. Hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Alisimama akasoma polepole, kifundo kimekwisha pona. "Tunafurahi kukuarifu" aliipata vizuri. "Masharti" akayachanganya na "mashati", darasa likacheka, naye akacheka. Alipofika kwenye mstari wa tarehe ya kuripoti akanyamaza, akatazama almanaka ya duka iliyotundikwa ukutani, kisha akatutazama sisi, akauliza kama kitenzi kile kiwekwe katika wakati uliopita au ujao.

Tulichukua muda mrefu mno kumjibu, na jenereta ikazimwa.