Bunia Kabla ya Kujaa

Nilipofika Bunia, mji wa Ituri mashariki mwa Kongo, mwaka 2004 nikitokea Bukavu, kilichonivutia kwanza ni nafasi. Kwetu Bukavu nyumba zilikuwa zimeshapanda milima yote hadi makorongoni, na mvua kubwa haikupita bila kubomoa. Bunia ni tambarare. Barabara za katikati zilikuwa pana, zimenyooka vile Wabelgiji walivyozipima. Boulevard de Libération ilikuwa vumbi tupu, na vita vya wanamgambo wa Kihema na wa Kilendu vilikuwa vimeacha nyumba bila mabati, lakini mji ule ulikuwa bado unapangika.

Karibu na uwanja wa ndege palitanda turubai. Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka na wanamgambo wakagombea mji, watu walikimbilia kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Kwangu mimi mgeni, hapo ndipo Bunia ilipochorwa upya: mtu alijenga pale alipopata kulala salama. Mtaa wa Mudzi Pela ukawa wa Wahema, Walendu wakaenda kwingine, na njia za kuunganisha mitaa hazikupata mwenyewe.

Leo boulevard ina lami, nami hufurahi kweli kuipita. Tangu Ituri iwe jimbo mwaka 2015, ofisi na maghorofa yameongezeka. Sokoni Mhema na Mlendu hununua samaki wa Ziwa Albert kwenye meza moja, na hilo naliona kubwa kuliko lami. Ila ukiiacha barabara kuu kidogo tu, unaingia vichochoro visivyopitisha gari la wagonjwa. Kingo za mto Nyamukau, zilizopaswa kuachiwa maji, zimebanwa na nyumba.

Desemba 2017 mapigano yakarudi Djugu, jirani na Bunia. Waliokimbia wakajaa hadi penye hospitali kuu, na mwaka 2019 wakahamishiwa Kigonze, pembeni mwa mji. Watoto waliozaliwa chini ya turubai zile sasa wana umri wa kwenda shule. Kati ya 2003 na 2017 kulikuwa na miaka ya kutosha kutenga ardhi kwa ajili ya siku kama hiyo, maana Ituri nani hakujua kwamba vita vinaweza kurudi? Inaniuma kwa sababu ardhi ilikuwepo. Niliitembea kwa miguu. Wapimaji wa jimbo waende Kigonze sasa, wapige vigingi vya barabara na kuchimba mitaro, kabla turubai hazijageuka kuta.