Vidonge Haviachwi Kimya Kimya

Mahenge

Mwanangu,



Nimeambiwa umeacha vidonge vya kifafa. Aliyenieleza simtaji, usimtafute. Tangu walipokuondolea fenobabitoni wakakupa valproeti, unaamka godoro limelowa, na bweni lina macho na midomo. Aibu yako naijua. Ila kuacha dawa ghafla ndiko kunakoninyima usingizi.

Yule fundi cherehani aliyekushonea sare ya darasa la kwanza, unamkumbuka? Alikaa muda mrefu bila kuanguka, akajiona kapona, vidonge akavisukumia chini ya godoro. Haikupita wiki. Kifafa kikamshika alfajiri, kikamwachia, na kabla hajapata fahamu kikamrudia, tena na tena, mpaka jua likapanda. Watu wamejaa mlangoni wanaogopa povu, eti linaambukiza! Hapa hapa Mahenge, ambako Daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa zamani sana, mimi bado binti. Nikawapita, nikamlaza ubavu, nikampokonya mjomba wake kijiko alichotaka kumtia mdomoni. Hospitali walimwokoa, lakini kwenye cherehani hakukaa tena. Hadi leo mkewe ndiye humlisha. Fundi huyo naye hakumwambia mtu kwamba ameacha vidonge.

Sasa huo mkojo. Si uvivu wala hujarogwa. Valproeti huwafanyia hivyo baadhi ya watu. Daktari akijua, anaweza kupunguza dozi au kukuhamishia dawa nyingine taratibu, na mara nyingi tatizo hukoma. Lakini mweleze yote. Kama siku za kulowa unaamka umejing'ata ulimi na mwili unauma, huenda ni kifafa kinachokujia usingizini, na hapo kupunguza dawa ni kukiongezea nguvu. Muulize unayelala naye chumba kimoja anaona nini usiku. Huyo mwambie ukweli, wengine haiwahusu.

Pombe usiiguse. Usikeshe na vitabu. Kitanda cha juu waachie wenzako.

Nenda kliniki leo, usingoje Jumatatu, na useme ni tangu lini hujameza. Ukiona haya kutamka, mpe daktari barua hii asome mwenyewe. Nauli nimetuma kwenye simu yako. Mimi ndiye niliyelipa ada zako zote baba yako alipokunja mikono, kwa hiyo jioni nataka unipigie uniambie amesemaje.

Shangazi yako