Vigae vya Plastiki na b² = 4ac

Jamani, juzi natoka jikoni na sufuria ya wali nakuta meza haina hata pa kuweka sahani. Imejaa vigae vya plastiki. Mwanangu, darasa la tisa hapa Houston, eti anafanya hesabu. Kigae kikubwa cha bluu ni x², vijiti vya kijani kila kimoja ni x, vidogo vya njano ni moja moja. Kapewa x² + 6x + 9. Kaweka cha bluu, vijiti vitatu ubavuni, vitatu chini, pembeni likabaki pengo. Vile tisa vya njano vikaingia humo vyote, pakatokea mraba, kila upande x + 3.

“Umeona, mama? Ndiyo maana ni (x + 3)².”

Nilitaka kununa, nikashindwa. Sisi kidato cha pili nani alituonyesha hilo pengo? Mwalimu aliingia na chaki mkono mmoja, fimbo mwingine: b² ikiwa sawa na 4ac, huo ni mraba kamili, andikeni. Ukiuliza kwa nini, unajua mwenyewe kilichofuata.

Na Wamarekani wasijisifu. Al-Khwarizmi wa Baghdad alishachora hayo karne ya 9: x² + 10x = 39, akajaza pembe kwa 25, kulia ikawa 64, x ikawa 3. Jibu la pili, −13, hakulitaja. Mraba wa kuchora utaupaje upande hasi?

Kilichonikera ni x² + 10x + 16. Mtoto kapanga, kapangua, wali umepoa. Kaona x² ni mraba, 16 ni mraba, basi kang’ang’ania. Nikampigia kaka yangu, anafundisha hesabu Morogoro.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Nisomee.” Akasomewa. “Kumi mara kumi mia. Nne mara kumi na sita, sitini na nne. Si mraba kamili. Toa mbili na nane, endelea na la pili.”

Hata kikombe cha chai hakukiweka chini! Mtoto akahamisha vijiti, kweli ukatoka mstatili, x + 2 kwa x + 8. Mjomba naye akataka aonyeshwe kwenye simu, akanyamaza kidogo, akasema darasani kwake wanakaa watatu dawati moja, vigae atanunua na nini. Vipande vya boksi vingetosha, kaka, lakini haya, tuyaache.

Mimi picha naitaka, ila ya siku ya kwanza tu. Baada ya hapo mtoto atazame kipeuo cha mwanzo, kipeuo cha mwisho, azidishe, mara mbili, aangalie kama katikati panakubali. Wazazi wenzangu mlioko huku, leo jioni mpeni mwanao 49x² − 84x + 36, na hivyo vigae vifungieni kabatini.